Mchi wa Upande wa Pili

Nyumba yetu ya mbao na ya jirani zinatumia ukuta mmoja, nao umejaa nyufa. Alasiri, jua likiinama upande wa ziwa, mwanga ulipenya humo na kulala mistari mistari juu ya shingo ya gitaa langu. Vumbi jeusi la barabarani lilielea ndani yake bila haraka. Hapo ndipo nilipokuwa nikikaa, kitandani, mgongo kwenye ukuta, mji wote wa Goma ukiwa umesogea mbali kidogo.

Nilikuwa na zoezi moja tu. Vidole vinne vya mkono wa kushoto, kuanzia cha shahada hadi cha mwisho, vinabonyeza uzi kwa zamu, kisha vinahamia uzi unaofuata, mpaka uzi wa mwisho. Halafu vinageuka na kurudi. Ukimweleza mtu atadhani ni mchezo wa watoto. Lakini pale pa kugeuka, kidole changu cha mwisho kilikataa kunyooka. Kilikuwa kimedeka kama kitinda mimba. Nilikibembeleza, nikakitukana kwa Kinande na kwa Kiswahili, nacho kikabaki kimejikunja vilevile.

Kwa nini nijitese hivyo? Kwa sababu nilitaka kupiga solo. Katika kwaya ya parokia yetu nilikuwa msichana wa akompanyama, yule anayepiga nyuma ili wengine wapendeze. Mpiga solo wetu alikuwa amehamia Butembo, na mwalimu wa kwaya alisema nafasi ni yangu nikiiweza kabla ya Pasaka. Nisipoiweza, ingekwenda kwa kijana wa parokia ya pili, ambaye tayari alikuwa ameanza kunisalimia kwa huruma. Niliitaka nafasi ile mpaka nikawa naiota.

Simu ingeweza kunihesabia mapigo, ila betri yake ilikuwa ya kuhurumiwa. Nami nilikuwa na kitu bora zaidi. Upande wa pili wa ukuta, kila alasiri, mama jirani alitwanga sombe, majani ya muhogo ya kupeleka sokoni. Tu, tu, tu. Mchi ukianza, nami naanza. Harufu ya majani mabichi iliingia kwenye nyufa pamoja na mwanga, na kuna siku sikujua tena kama ni mchi unaoendesha vidole vyangu au ni vidole vinavyoinua mchi. Miezi ilipita hivyo, nami sikuiona ikipita. Vidole vilipata ngozi ngumu. Nilikuwa na furaha, niseme tu.

Basi nikaenda kwenye mazoezi ya kwaya nikiwa nimevimba kichwa. Wimbo ulianza vizuri. Tulipofika mahali ambapo solo inapanda na kugeuka, sauti za kina mama zikatangulia, za kina baba zikasita, na wimbo mzima ukaanguka. Tukarudia. Ukaanguka palepale.

Mwalimu wa kwaya alishusha mikono. "Juu ya nini unasimamaka pale? Uko kama mutu mwenye anangojea mwenzake kwa njia."

Watu wakacheka. Yule kijana wa parokia ya pili, aliyekuja kusikiliza, hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.

Nilirudi nyumbani nikipita juu ya mawe ya lava bila kuangalia ninapokanyaga, nikiwaza. Jibu lilinijia mlangoni. Mchi! Kila nikifika pa kugeuka, mchi ulipungua mwendo, nami nikaufuata. Mama wa watu alikuwa amechoka, na uchovu wake nilikuwa nimeujifunza kwa bidii kama sala. Nikaegemea ukuta nikasema, na sikusema kwa adabu sana:

"Mama, ni weye unanichelewesha! Kila siku ukifika pale, unapunguzaka mwendo."

Kikaja kicheko chake, kile kirefu cha kumaliza pumzi.

"Mutoto wangu, miye nilikuwa nakungojaka! Nilisikia ile kidole yako inateseka. Nikasema, tumungoje, asiachwe nyuma."

Niliweka kiganja kwenye mbao, zilikuwa na joto la jua. Miezi yote ile yeye alinisubiri mimi, nami nikamsubiri yeye, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayechoka.

Nikamwomba asiningoje tena. Alikubali kwa moyo mmoja, lakini mazoea yana taabu. Tulipofika pale, mchi ulipungua wenyewe. "Ni mukono, si miye," alisema. Ikabidi nijifunze kumpita. Hilo lilikuwa gumu kuliko kidole. Kila nilipomwacha nyuma nilihisi nimemtupa njiani na kinu chake, na mara nyingi nilirudi kumchukua. Kidole cha mwisho, kwa upande wake, kilinyooka siku moja bila kelele, kana kwamba hakijawahi kukataa.

Siku ya Pasaka, nafasi ikiwa yangu, mama jirani alikuja. Yeye husali kwa Waprotestanti, lakini alikuja parokiani kwetu na kitenge kipya, akakaa kwenye benchi la kina mama, karibu na dirisha. Mwanga ulimwangukia begani. Wimbo ukaanza, watu wakapiga makofi, naye pia. Solo ikapanda. Pale pa kugeuka nikaiona mikono yake ikisita hewani, ikiningoja.

Nilipita. Kwaya nzima ikapita nami, na nyuma yetu, peke yake, nikasikia kofi moja lililochelewa.