Kurumbiza wa Nyuma ya Nyumba Yetu

Sauti ilianza chini, kama ya mtu anayepima neno kabla ya kulisema, kisha ikapanda hadi ikajaa chumba chote. Ndivyo nilivyoamka kila alfajiri majira yale ya mvua, mtaani Hewa Bora, nikiwa na miaka tisa. Mama alikuwa amekwenda Kambove kumuuguza dada yake. Nilibaki na Papa, fundi wa malori, aliyerudi jioni na harufu ya grisi, bila maneno.

Ilikuwa sauti ya ndege aliyeishi katika kichaka nyuma ya nyumba, kando ya mtaro. Jina lake, kurumbiza, nililijua ukubwani. Kichwa kilikuwa cheusi, juu ya jicho mstari mweupe kama nyusi ya chokaa, kifua rangi ya chungwa bivu. Hakupenda mwanga, alirukaruka chini ya matawi akipindua majani makavu, akiokota sisimizi. Dume alipoimba, jike alimjibu kwa mbinja nyembamba, hata ungedhani ni ndege mmoja. Asubuhi moja nilimkuta Papa mlangoni akisikiliza, kikombe mkononi.

“Ule bwana iko anaita bibi yake,” alisema. Hayo tu, siku nzima.

Kisha jirani akaona nyoka kichakani, na Jumamosi Papa akashika panga akifyeke. Nilijua mle mna kiota chenye mayai mawili, lakini tulikuwa tumezoea kunyamaza. Kimya kingi kina mshindo mkuu: nilipopiga kelele, “Papa, acha! Mule muko mayai ya ndege!” kichaka kilikwisha kufunguka, na kiota kimebaki wazi juani.

“Juu ya nini haukuniambia mbele?”

Alitupa panga, akakusanya matawi, akakifunika kiota taratibu. Tukakaa kizingitini tukingoja hadi giza likaingia. Ndege hawakurudi.

“Na mama yako,” Papa akasema, “sijue atarudia siku gani.” Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja tangu aondoke. Nikaegemea bega lake, tukalia wote wawili.

Mama alirudi kiangazi, amekonda, dada yake amekwisha kuzikwa. Leo vichaka vya mtaa wetu vimegeuka kuta za matofali, na nyumba yangu haikosi wageni wala kelele. Lakini tangu Papa afariki, sijapata mtu wa kukaa naye jioni nzima, tukingoja kitu kimoja.