Farasi wa Jangwani Aliyepiga Chafya

Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalize. Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na ilikuwa saa kumi jioni, si usiku. Haki ya Mungu haya yalinipata, huku kwetu nje ya Sotik, miaka ile ya tisini.

Baba alikuwa mtunza farasi wa mzungu mmoja mwenye shamba la chai. Farasi mwenyewe alikuwa jike wa Kiarabu, wa ukoo wa jangwani: uso umebonyea kidogo chini ya macho, pua pana, mkia juu kama bendera akikimbia. Baba alimpenda mpaka Mama akaona wivu. Alituambia Waarabu wa jangwani waliwalaza majike hao ndani ya hema, pamoja na watoto, wakawapa maziwa ya ngamia maji yakikosekana. Wakienda kuvamia walipanda majike, kwa sababu hawalii wakinusa farasi wa adui. "Huyu si mnyama wa boma," alisema. "Ni mtu wa nyumbani."

Mzungu alipohama, jike akapakiwa kwenye lori kwenda Laikipia. Baba akapanda naye asiogope njiani. "Narudi kabla hatujavuna mahindi," akaniambia. Tulivuna. Tukavuna tena. Hakuna habari, hakuna mwili. Mama aliendelea kumtayarishia kibuyu chake cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, na mimi, mwanamume mwenye ndevu, nikisikia lori natoka mbio. Unajua kumkosa mtu hivyo?

Basi siku hiyo mvua ya mawe ilitupiga tukichuma chai, wenzangu wakakimbia. Nikamwona kati ya mistari, jike yule yule, mkavu. Mkavu kabisa! Akaja, akaweka pua begani mwangu. Nililia, sikufichi.

Sasa kwetu Wakipsigis, mtoto akizaliwa, akina nyanya humtajia majina ya waliokufa, moja moja, mpaka apige chafya. Jina atakalolipigia chafya, huyo ndiye amerudi. Nikamuuliza jike, nusu mzaha, "Wewe ni nani wetu?" Nikamtaja babu. Kimya. Nikamtaja ndugu ya babu. Kimya. Halafu mdomo wangu huu mjinga ukamtaja Baba.

Akapiga chafya, uso wangu wote ukalowa. Nilipopangusa macho, hakuwepo. Na mtu aliye hai, jina lake haliitikiwi hivyo.

Nilimwambia Mama. Hakubisha. Aliosha kile kibuyu, akakianika juani, akauliza tu, "Kwa nini ulimtaja, mwanangu? Si ungenyamaza?"

Kifungua mimba wangu alipozaliwa, nilisimama mlangoni nikiwasihi akina nyanya wamtaje Baba tena, na tena. Mtoto aliwatazama tu. Akaja kupiga chafya kwa jina la mwingine.

Kwa hivyo nisikilize. Kama kuna mtu unayemngojea, mngojee. Usilitaje jina lake mbele ya kitu kinachoweza kukujibu. Mimi nilijibiwa, na leo ningetoa chai yangu yote nimngoje Baba hata jioni moja.