Mapinduzi ya Misuko

Kwetu ku masomo, mabinti bote banasuka namna moja. Kila vendredi, siku ya mwisho ya masomo mu juma, masere wa disipline, mutawa mwenye kuchunga adabu yetu, anabandika ku ukuta picha ya kichwa: modele ya juma. Lundi, masomo ikianza tena, anasimama ku mulango, anaangalia. Mwenye hakufuata anarudia kwabo, na kama ile siku kuko intero, jaribio ya darasani, anapata zero. Hapa Lubumbashi hakuna muntu wa kushangaa. Hata mimi sikushangaa, mpaka nikasoma buku.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Ilikuwa buku ya Kifaransa ya bijana, dada yangu mukubwa njo aliniazima. Mu ile buku kuko muji moja, serikali inapangia bantu saa ya kulala, nguo, mpaka nywele. Kisha binti mumoja anasuka musuko moja tu, inashuka ku sikio ya kushoto, na bantu banaanza kumufuata. Aka! Nililia. Nikasema: ile serikali naijua, inavaa soksi nyeupe na sandali, inasimama ku mulango wa masomo.

Dimanche, kisha misa, tulikaa nyuma ya nyumba yetu, kule Hewa Bora, kusukana: benzangu saba na mimi. Nikabasomea.

"Kesho kila muntu asuke vile anapenda!" nikabaambia. "Masere atatufukuza bote?"

Bakapiga makofi. Rafiki yangu wa ku banki, mwenye tunakaa naye kiti moja mu darasa, mwenye woga kupita bote, akaniuliza: "Na weye, hautatuacha?"

Nikaapa mbele yabo bote.

Lundi asubui, mama akaniona ninakunywa chai na musuko yangu ku sikio. Akanibana kichwa katikati ya magoti, akafumua, akaanza kusuka modele ya masere.

"Mama, ni mapinduzi!"

"Ndiyo. Inamisha kichwa."

Ku masomo, benzangu saba balikuwa mu mustari. Bote saba, musuko moja ku sikio ya kushoto. Niliambia kila muntu asuke vile anapenda, bakapenda bote kitu moja! Mwenye modele nilikuwa mimi peke yangu.

"Nani alibafundisha huu ujinga?" masere akauliza.

Bote bakaniangalia. Nikasema: "Ni mimi, masere. Buku ni yangu, mupango ni yangu."

Masere akaangalia kichwa yangu, akacheka mpaka machozi. "Mutoto wa roho muzuri! Anataka kubeba makosa ya benzake."

Saba bakarudia kwabo na zero ya intero ya hesabu. Mimi nikapewa kaye ya kuandika majina, na biki: kuanzia juma yenye kufuata, mwenye kuangalia bichwa ni mimi. Yangu mama, nilisikia haya! Nikajiambia sitafukuza hata muntu mumoja.

Lundi ikafika. Wa kwanza kuingia alikuwa rafiki yangu wa ku banki. Alisuka modele, lakini mustari moja ilipinda kidogo. Akanichekea, bila woga, sababu alijua mimi ni wake.

"Rudia kwenu," nikamuambia.

Kila mara ninaelezea bantu kwamba nilisema vile sababu masere alikuwa nyuma yangu. Ni bongo, uongo mutupu. Masere alikuwa hajafika bado.