Mfenesi Mbichi

Kwetu kisiwani, sisi Wandzuani, nyumba ni ya mwanamke. Msichana akizaliwa, baba yake huanza kujenga, jiwe leo, jiwe mwakani, ili siku ya ndoa mume ndiye aingie kwa mke. Baba yangu alikuwa fundi wa milango mjini Mutsamudu na mimi ndiye mtoto wake pekee. Juma nililozaliwa aliangusha mfenesi, akaupasua, akachagua ubao mmoja mpana wa kiini, akaulaza juu ya boriti za karakana. Ule ulikuwa mlango wangu. Kila mwaka mvua zikiisha aliushusha, akaugeuza, akaugonga kwa kifundo cha kidole.

"Bado," alisema, akaurudisha.

Nimekua na hiyo bado. Nilipokwisha kuchumbiwa, aliugonga akasema, "Sasa."

Shule sikwenda. Kurani nilisoma, na Kiswahili nilikipata kwa baba, aliyejifunzia useremala Unguja. Patasi na randa nazo alinifundisha yeye, kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume. Watu walisema sana, mwisho wakachoka.

Enzi hizo ni za askari wa kukodiwa. Makazi yao yalikuwa Moroni, kwenye kisiwa cha Wangazija. Sisi huku tuliwaona wakitua kwa ndege Ouani na kuondoka, tukashukuru walipoondoka. Mmoja wao akaja mpaka karakana yetu, na mlinzi wa Kingazija wa kumtafsiria. Alitaka kitako cha bunduki, ule mti mzima unaobeba mtutu. Si bunduki ya vita, alisema mlinzi, ni ya mashindano ya shabaha, wanashindana wazungu kwa wazungu huko Itsandra. Vyuma alikuwa navyo, vililetwa kutoka kwao. Mbao aliitaka ya hapa, kwa sababu alikuwa ameiona milango ya baba.

Baba alimwonyesha mbao tano, kavu zote, nzuri zote. Mzungu hakuzitazama. Aliinua kidole kuelekea ubao wangu juu ya boriti.

"Mwambie ule una mwenyewe," baba akasema. "Ni mlango wa binti yangu."

Mlinzi alitafsiri. Mzungu akacheka, akasema neno. Mlinzi akatazama chini. "Anasema binti yako atapitia dirishani."

Baba akaenda kusimama mbele ya ngazi. Hakumgusa mtu. Mzungu alimpiga kofi moja la kiganja wazi, kofia ikaruka mpaka kwenye vumbi la msumeno. Ilikuwa kofia aliyoshonewa na marehemu mama, na majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Kisha yule akaacha kitako kikuukuu cha kuigwa na karatasi ya vipimo. Alitaka kazi iletwe Moroni baada ya wiki tatu.

Baba aliokota kofia yake, akaenda kulala ameelekea ukutani. Hakula siku mbili.

Mimi sikulala. Nilitaka vitu viwili, nami sioni haya kuvitaja: ubao wangu, na lile kofi lirudi lilikotoka.

Nilipanda mlimani Patsy kwa mjomba. Alikuwa ameangusha mfenesi siku nne nyuma, gogo bado linatoka utomvu. Nikamwomba kipande.

"Mbichi huu. Wa nini?"

"Kuni."

"Kuni za mfenesi mbichi? Mwanangu, utalia machozi."

"Si mimi nitakayelia, mjomba."

Nilishuka nacho kichwani. Ubao wangu niliuviringa mkekani, nikausukuma chini ya kitanda cha marehemu mama. Kisha nikafunga karakana, nikaanza kazi. Mfenesi mbichi ni wa manjano kama bizari, mkuukuu una rangi ya ukwaju. Basi kila nilipomaliza kuchonga upande niliupaka maji ya chokaa, ukakauka, nikaupaka tena. Mara ya tatu ukawa mweusi-mwekundu, hata mimi ningedanganyika. Juu yake nikapitisha mafuta ya nazi.

Siku ya tano baba aliingia. Aliinama akaokota kipande kimoja cha maranda sakafuni. Maranda ya mbao kavu hukatika ukiyashika. Kile alikizungusha kidoleni mara mbili kama pete, hakikukatika. Akakinusa.

"Huu si ubao wako," akasema.

"Si wangu."

"Jina litakuwa langu."

"Na kofi lilikuwa lako."

Alikiangusha kile kipande sakafuni. Kisha akatoka, akaufunga mlango polepole nyuma yake. Angeweza kunizuia. Hakunizuia.

Tulipelekwa Moroni kwa ndege ndogo, baba kama fundi, mimi kama mbeba vyombo. Mzungu alikuwa ametandika taulo juu ya meza, na juu yake vyuma vyake, viwili viwili, na akachagua mbele yetu kama mwanamke anayechagua vitambaa vya harusi. Mlinzi alitafsiri na mimi nikasikiliza kila neno. Mitutu miwili: mwembamba akauweka kando, kwa sababu hupata moto upesi na risasi ya tano haifuati ya kwanza. Akachukua mnene. Vifyatuo viwili: kimoja kigumu cha vita, kingine laini, kidole kikigusa tu kimekubali. Akachukua laini. Darubini mbili: akachukua ile yenye msalaba mwembamba kama unywele, maana mnene hufunika kile unachokilenga.

Mwisho akakipima kitako changu mikononi. Akatabasamu.

"Anasema kizito," mlinzi akasema. "Ndivyo anavyotaka. Bunduki ya shabaha ikiwa nyepesi hucheza na pumzi ya mpigaji."

Maji ndiyo aliyokuwa akiyasifu.

Alifunga mtutu, akachukua kipande cha karatasi, akakipitisha kati ya chuma na mbao, kutoka ncha mpaka nyuma, bila kukwama. Mlinzi akatueleza: mtutu lazima uelee. Mbao ikiugusa mahali popote, risasi huenda inakotaka. Mpaka hapo nilijua tu kwamba mti utapinda. Sasa nilijua ni wapi utamuumiza.

"Nyinyi Wandzuani," mlinzi akanichokoza, "hata kuni mnazipaka mafuta."

"Na nyinyi Wangazija hata kuni mnazipigia saluti."

Alicheka, kisha akaacha kucheka, akanitazama. Sijui alijua nini.

Mzungu aliamuru fundi asiondoke mpaka siku ya mashindano. Tukakaa siku kumi na mbili kwa jamaa. Kila nilipopita karibu na kambi niliiona bunduki imeegemezwa juani kwenye ukuta wa mawe meusi ili wenzake waione rangi. Nilimwombea jua. Baba aliswali zaidi ya kawaida yake.

"Akijua," aliniambia, "ataniua mimi, si wewe."

"Hatajua. Ubao aliuchagua kwa kidole chake, mbele za watu."

Nilisema kwa ujasiri. Lakini siku hizo zote chakula hakikuwa na ladha mdomoni mwangu.

Siku ikafika. Nje ya Itsandra walisimamisha vibao vya shabaha, wazungu wamekaa kwenye viti, sisi tumesimama nyuma. Risasi zake tatu za mwanzo ziliingia katikati, zimegusana. Niliuma pindo la shiromani niliyojitanda. Ya nne ikaenda kushoto. Ya tano kushoto zaidi. Akageuza vidude vya darubini, ya sita ikatoka kabisa kwenye kibao, na mwenzake mmoja akapiga mluzi. Akaendelea. Kadiri mtutu ulivyopata moto ndivyo risasi zilivyotawanyika, na kadiri zilivyotawanyika ndivyo wenzake walivyojipigapiga mapajani kwa kicheko. Akatoa karatasi mfukoni, akaipitisha. Ikafika kati ikakwama. Mbao ilikuwa imejikunja ikaushika mtutu, na kila mtu aliona.

Alikuja mpaka kwa baba, uso kama kamba aliyechemshwa.

"Anauliza hii ni nini," mlinzi akasema.

Baba aliinyoosha kofia yake kichwani. Ile ile. Hapo niliogopa, kwa maana baba hakuwa mtu wa kusema uongo.

"Mwambie nilimwonyesha mbao tano, akazikataa. Mwambie uzito aliusifu mwenyewe."

Hakukuwa na neno la uongo hapo. Mlinzi aliyatafsiri maneno hayo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na wale wa kwenye viti wakacheka upya. Mkono wa mzungu uliinuka. Akawasikia wanavyocheka, ukashuka. Alifungua skrubu moja moja, akabaki na mtutu wake, kitako akakitupa miguuni petu.

Nilikiokota. Nilikibeba mpaka Moroni, nikakipasua kwa shoka, nikakipikia ndizi. Kilitoa moshi mwingi, tukalia nyumba nzima, mjomba alisema kweli. Sijala ndizi tamu kama zile.

Lakini habari ilifika Mutsamudu kabla yetu. Ubao wa yule fundi, ubao aliojisifia kuukausha tangu mwanawe kuzaliwa, umepinda kwa siku kumi na mbili. Waliokuwa wameagiza milango wakasema watangoja kidogo. Wakangoja moja kwa moja. Baba hakuweza kujibu, kwani jibu lingetutia kitanzi. Mtu aliyechonga milango ya nusu ya mji akabaki kutengeneza miguu ya viti. Na ule ubao wangu wa kweli haukuweza kuonekana na jua. Niliolewa nyuma ya mlango wa bati.

Miaka zaidi ya kumi nikalala juu ya ubao huo. Wale askari wa kukodiwa walipoondoka nchini, kesho yake asubuhi baba alikuja, mikono imeshaanza kutetemeka, akasema, "Utoe." Akauchonga mwenyewe, miezi mitano, hakuniruhusu nishike hata msasa. Siku aliyoutundika majirani walikuja, wakautazama, wakafahamu. Wengine walimwomba radhi. Aliwaitikia salamu tu.

Pale katikati, mahali ambapo fundi huandika dua ya mwenye nyumba, aliacha patupu.

"Hapo utachonga mwenyewe," aliniambia, "ukishamsamehe yule mzungu."

Baba amekufa siku nyingi. Patasi zake ninazo, nazinoa kila mwaka baada ya mvua. Wajukuu huniuliza kwa nini mlango wa bibi haukumalizwa. Nawaambia, bado.