Neno la Mama Bolumbu

Televisheni ya zamani ikiwashwa hutoa harufu ya vumbi linalopata moto. Juzi niliisikia harufu hiyo katika kibanda cha fundi, nikasimama mlangoni mpaka fundi akaniuliza kama ninaumwa. Siumwi. Moyo ulikuwa umenirudisha Kalemie, nyumbani kwa Mama Bolumbu, nina miaka tisa, daftari la Papa liko kwapani.

Papa alikuwa karani bandarini, lakini parokiani walimjua kama mtunzi wa michezo ya kuigiza. Sisi tulisema teatre. Aliandika kwa penseli, akiiramba ncha kila alipotafuta neno, hadi midomo yake ikawa ya kijivu. "Teatre bila watu," alizoea kusema, "ni mwenda wazimu anaongea na ukuta." Alipougua tumbo, walimpeleka kwa treni hospitalini Kongolo. Stesheni alinipa daftari la mchezo wa Pasaka. "Mwisho bado," alisema. "Unichungie. Nikirudi nitaumaliza."

Mama Bolumbu alikuwa jirani yetu, mke wa askari, mzaliwa wa Mbandaka. Alikuwa amekaa nasi miaka mingi, lakini Kiswahili chake, kama Papa alivyomtania, kilipanda treni Kalemie kikashuka kwao, kwenye Kilingala. Mumewe alikuwa na televisheni na kaseti za tamthilia ya Kifaransa zilizotoka Kinshasa. Alasiri moja Mama alinituma kwake ghafla, akisema nisirudi mpaka niitwe. Nilifurahi. Mama Bolumbu alinikalisha kwenye kiti cha mumewe, ambacho hata paka hakuruhusiwa kukipanda, akanipa chai yenye sukari nyingi mno. Sikujiuliza kwa nini.

Katika tamthilia ile kulikuwa na mtu mwenye mashine ya kupita kwenye miaka. Alirudi zamani, akamkuta mtunzi mashuhuri wa teatre, mgonjwa, amekata tamaa, anachoma karatasi zake. Akamchukua, akampeleka miaka mingi mbele, akamkalisha katikati ya watu waliokuwa wakiutazama mchezo wake. Watu walisimama wakapiga makofi, na mtunzi akalia ndani ya kofia yake. Mimi nilimwona Papa pale. Kisha msafiri akamrudisha mtunzi kwenye chumba chake cha zamani, na hapo nikaogopa.

"Mama Bolumbu, kufa yake njo siku gani?"

Hakuwa anatazama televisheni. Alikuwa ananitazama mimi.

"Lobi," alisema, na machozi yakamtoka. "Lobi, mwana yangu."

Hata mtoto anajua kwamba mtu mzima halii hivyo kwa ajili ya kaseti. Alikuwa anamsema Papa. Lakini lobi niliyoijua mimi ilikuwa moja tu, ile ya askari wa kwenye lango la kambi: "Yaka lobi," uje kesho. Basi Papa alikuwa angali mzima. Nilikimbia, chai ikamwagika kwenye kile kiti.

Uani kwetu wanawake walikuwa wameketi chini, vitambaa kichwani. Habari ilikuwa imeletwa na foni ya misheni, ile redio iliyokwaruza hata jina la mtu lisisikike vizuri.

"Musilie," niliwaambia. "Papa hajakufa. Mama Bolumbu njo amesema."

Kilio kilikatika. Wote walijua kwamba kambi ya askari ilikuwa na foni yake, nzuri kuliko ya misheni.

"Mutoto, unasema nini?" aliuliza shangazi yangu.

Mama aliinuka. Alijifunga kitenge chake upya, akatazama upande wa stesheni.

"Lete viatu vyangu," alisema.

Nilivileta. Alikuwa amevaa kimoja Mama Bolumbu alipoingia akihema. Walipomwambia nilichosema, alikaa vumbini.

"Lobi ile yenye ilipita," alisema. "Mama, unisamehe. Ile yenye ilipita."

Kwa Kilingala chake, neno hilo moja ni kesho na ni jana pia.

Mama alikivua kile kiatu polepole. Hakunigombeza siku ile, wala baadaye. Pasaka vijana wa parokia waliucheza mchezo wa Papa mpaka pale penseli ilipoishia, kisha wakasimama tu, wakitazamana. Hakuna aliyejua kama umekwisha. Mama ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Nilipokua, mimi na Mama Bolumbu tulifika mahali pa kulicheka neno lile. Mama hakucheka nasi, nami nikadhani ni mtu asiyependa utani. Mpaka nilipomzika mume wangu ndipo nilipojua uzito wa kile kiatu kimoja. Foni ilimwambia mara moja. Mara ya pili alifiwa kwa mdomo wangu.

Kila nilipokwenda kumsalimu nilijiambia kwamba nitamwomba msamaha lobi. Nilikuwa na maana ya kesho. Sasa Mama amelala kando ya Papa, na lobi yangu ni ile yenye ilipita.