Mama Alisimama Kuimba

Kwenye duka langu la kompyuta hapa Mbinga, mpiga kinanda wa parokia alimsikilizisha mama yake, mwanakwaya, muziki aliotunga: fidla na filimbi za kompyuta, chache, zikirudiarudia kwa uchangamfu. Alitaka maoni ya mama kabla ya kuutuma kwa watu wa matangazo.

Mama alisimama, kama wanakwaya wanavyosimama kinanda kinapoanza. Akangoja. Muziki ukaisha.

"Mbona hatujaingia?"

"Hamuingii, mama. Wao watalipia ruhusa ya kuuweka chini ya maneno yao."

"Maneno gani?"

"Sijui. Labda ya sabuni."

Hakuketi. "Rudia, mwanangu. Huenda tumechelewa."

Siku ile nilicheka kimoyomoyo. Jana redioni lilipigwa tangazo la sabuni lenye muziki uleule, nami nisiyeimba kwaya yoyote nikajikuta nimesimama.