Dekoda yangu ilikuwa inasalimia mutu mwingine

Wakuu wangu, ikaleni kidogo, munisikilize. Miye koko Zabibu, bibi muzee wa Kasongo. Nilifika darasa la tatu tu, naandika na kidole kimoja. Mucheke, lakini hii yote niliiona na macho yangu.

Nilinunua dekoda ya televizyo mu soko. Iko mu karto, sanduku yake, inang'aa. Nikaomba fakture, karatasi ya kuonyesha nimelipa. Mucuruzi akacheka: "Koko, karatasi utakula?"

Nikalipa, nikaenda bila karatasi. Ile ndiyo kosa yangu.

Nyumbani tukaiwasha. Jirani yangu Mama Feza, mwalimu, akasoma kwa ekra, kioo ya televizyo: "Bonjour Mwamini." Ndiyo kusema, jambo Mwamini.

Mwamini nani? Kwangu hakuna Mwamini.

Kila siku vile. Mwezi ukaisha, sijalipa abonema, ile pesa ya kila mwezi, picha haikatike. Mwezi wa pili, vile vile.

Mama Feza akasema: "Kuko mutu analipa, na hatumuone." Akaogopa, hakurudi tena kwangu.

Sasa miye, ukinisalimia naitika. Nikawa naitika: "Jambo Mwamini, ikala."

Siku moja nikajikaza kusoma mwenyewe. Ekra inamupongeza Mwamini: leo ndiyo siku alizaliwa.

Kumbe Mwamini ni mutu kweli!

Nikafunga dekoda mu kitambaa, mbio sokoni.

Mucuruzi akasema: "Picha ya bure, koko, unalalamika nini?"

"Nililipia kipya. Unipe kipya, na jina yangu ndani."

Akakataa. Nikatandika mukeka kwa mulango yake. Kila mukiliya anayekuja kununua namuita: "Kuja usikie dekoda inaita mutu hatumuone!" Na miye kuhadisia najua, wakuu! Watu wakapita mbali.

Siku ya tatu akasema ukweli. Mwamini alikufa kule mu kijiji Wamaza. Kisha matanga, bandugu yake wakagawana vitu vyake, wakamuuzishia yeye mucuruzi dekoda. Karto aliweka yeye mwenyewe, ionekane mpya.

Habari ikafika Wamaza. Bwana aliyemuoa Mwamini akakuja na moto, ile pikipiki, vumbi mpaka kope. Ndiye alikuwa analipa, na hakujua dekoda iko wapi.

"Nililipa jina yake isizimike," akasema. Akaibeba kama mutoto.

Nikamuachia. Miye nikapata mpya kwa mucuruzi, na fakture, na jina yangu ikaandikwa nikiona.

Sasa inasema: "Bonjour Zabibu." Nafurahi sana!

Lakini saa ingine naitazama. Siku sitakuwako, itaniita, nani ataitika?

Wakuu, daini fakture na jina yenu. Iko haki, siyo kuomba. Mutu akicheka, tandika mukeka.

Na nyinyi, washeni zenu. Zinasalimia nani? Muniandikie hapa.